Mgongo wa Mcheza Ngoma: Risala ya Wachonga Mawe wa Hulikatte

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, kuhani wetu, wazee, mabibi na mabwana.

UKARIBISHO
Sisi wachonga mawe wa Hulikatte tunakupokea kwa mikono miwili. Ugali wa wimbi uko tayari, na mtindi upo. Lori ulilokuja nalo tumeliona pia, nalo tutalizungumzia.

HISTORIA
Hekalu hili walilijenga babu zetu zama za wafalme. Walichagua jiwe ambalo likitoka machimboni hukatika kama sabuni, kisha hewa hulikaza mwaka hadi mwaka. Hawakuacha shubiri ya ukuta bure: walichonga tembo, farasi, wapiga ngoma, na juu kabisa, chini ya paa, mcheza ngoma wetu. Tumezaliwa tukimtazama, na mpaka leo hatujamzoea.

MAFANIKIO
Mguu wake ulipoingia ufa, ofisi yako ilituagiza tumchonge mwenzake akae pale juu, yeye aende makumbusho ya mjini. Devayya, fundi wetu mkuu, alipanda jukwaa la miti akamtazama, akashuka akachonga. Alipatia hata kucha. Mgongo aliuacha mtupu, maana umeegemea ukuta, nani atauona?

Ndipo tukamshusha yule wa zamani, tukamgeuza. Mama wee! Mgongo mzima umechongwa. Msuko, unywele kwa unywele. Fundo la mkufu. Hata jasho linateremka kwenye uti wa mgongo. Miaka mia nane, na hakuna jicho la mtu lililokuwa limeuona. Tulikaa chini sote, midomo wazi.

Honnamma, mkewe Devayya, ndiye aliyeanza kusema: "Baba Nagaveni, mbona wako umemwacha uchi?"

Tulicheka. Devayya hakucheka.

CHANGAMOTO
Mheshimiwa, nyuma ya ukuta ule ndipo anapokaa Mungu. Kumbe watu walipewa uso, na Mungu naye hakunyimwa chake. Tukimpandisha huyu mpya, Mungu ataonyeshwa jiwe tupu. Devayya amejaribu kumchongea wake mgongo kama ule, akaishia kuweka patasi chini. "Sijui ule ulikuwa mkono wa nani," alituambia. "Wangu haufiki."

Ufa wa mguu tumeshauunga, nao umeshika.

MAOMBI
Ombi letu ni moja tu. Lori lisirudi tupu. Lipakie mcheza ngoma wa Devayya. Mwenyewe ameridhia, kasema: "Wangu niliwachongea watu, aende kwa watu. Huyu alichongwa kwa ajili ya Mungu, mrudisheni kwa mwenyewe."

Kamba tumeshazifunga, jukwaa bado limesimama. Tunajua tukimpandisha, mgongo ule hatutauona tena, sisi wala wajukuu zetu. Roho inatuuma, Mheshimiwa. Hata hivyo tunakuomba utupe ruhusa tumpandishe, mgongo wake uelekee ukutani.

Mungu wetu Narayana akujalie macho mazima na safari njema.

Ni sisi,
Wachonga Mawe wa Hulikatte.
Imesomwa kwa niaba yao na Nagaveni, binti Devayya.