Gaudensi na Daraja la Tani Kumi

Baba Padri, wafiwa wenzangu, na ninyi majirani mliokataa tulie peke yetu, mimi ni Silvana, dada mkubwa wa marehemu, watoto wake wameniomba nisome historia hii bila kuongeza chumvi, nami nimewaambia nitajitahidi.

Gaudensi alizaliwa tarehe 3 Mei 1952 hapa kijijini, upande huu wa mto, akasoma hadi darasa la nne mwaka 1964, darasa moja zaidi yangu, jambo alilonikumbusha maisha yake yote.

Mwaka 1973 alipata kibarua cha barabara Sumbawanga mjini, akajifunza kuchanganya zege, akarudi nyumbani akiwa fundi mwashi, na mwaka 1996 ndiye aliyetusimamia tukajenga daraja letu, wanaume wakibeba mawe na sisi wanawake mchanga, kisha akaandika kibao kwa mkono wake kwamba mwisho ni tani kumi.

Tarehe 8 Oktoba 1977 alifunga ndoa na Bertila, aliyekuwa ameshaposwa na mwingine, huyo mwingine yupo hapa leo na simtaji, wakajaliwa watoto watano, wote wazima.

Sasa tarehe 17 Desemba 2019 lori lililobeba tani thelathini za mahindi ya kwenda bandari ya Kasanga lilipita juu ya daraja hilo, nguzo ya kati ikakatika, na lori lenyewe lilikuwa la Alphonce, mume wa binti yangu Lydia. Kwenye mkutano ikasemwa kila kaya ichange, mimi nikapiga makofi, lakini Gaudensi akasimama akauliza ni kaya gani humu yenye uzito wa tani thelathini, akasema mwenye lori ndiye alipe, hata kama amemuoa mpwa wake. Nilimnunia mwezi mzima, na kule kisimani nikawaambia wanawake kwamba ana wivu na lori la watu, maneno hayo leo nayafuta mbele yenu.

Tarehe 19 Januari 2020 Lydia akiwa amejifungulia kwangu, Alphonce alikuja kumwona mtoto, akakuta daraja halipitiki na mto umejaa, akakunja suruali mpaka mapajani, akajitwika furushi la nguo za mtoto, akaingia majini, na mimi mama mkwe wake nilikuwa ng'ambo nafua. Mnajua kwetu mkwe hata kula mbele yangu hali, sembuse mapaja, basi akaganda katikati ya mto, haendi mbele wala harudi, nami nikajifunika kanga usoni, ingawa kanga ile ilikuwa nyepesi. Gaudensi aliyekuwa kando akamwambia kwa sauti ya upole kwamba daraja halipitishi mahindi tu, linapitisha na heshima ya mtu. Wiki iliyofuata Alphonce alileta saruji, nondo na mafundi wawili, akalipa kila kitu, na mdogo wangu akasimamia kazi ile bila kuchukua hata senti, akamwita Alphonce mwanangu mpaka mwisho.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa Sumbawanga mara tatu, na tarehe 11 Februari 2025, siku ya Jumanne alfajiri, akatutoka akiwa ameshikwa mkono na Bertila.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana alikuwa akiwakosolea sakafu yao, mafundi wenzake waliojenga kaburi, Cornelia jirani yetu aliyepika siku tatu bila kutukumbusha hata mara moja kwamba amepika, na Alphonce aliyemleta marehemu jana kwa lori lake. Lori lile lilikuwa tupu, lakini alipofika kwenye kibao alizima injini bila kuambiwa na mtu, akatushusha wote, akashika jeneza upande wa mbele, akavuka kwa miguu, suruali yake imefika mpaka kwenye viatu, nami nikamfuata nyuma bila kanga usoni.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, jana umevuka daraja lako, na uzito haukuzidi.