Nyongeza ya Kitufe

Benchi letu liko nje ya duka kubwa la mtaa, pale yanapopangwa matoroli, na milango ya vioo inajifungua yenyewe kila akipita mtu, hata akipita njiwa. Ni la mbao tatu, moja imebonyea upande ninaokaa mimi, na mtu asiniulize kwa nini. Kila jioni nikitoka kazini, kule ninakopiga deki maofisi ya watu, nakuja hapa na chupa yangu ya chai iliyojaa kahawa, na wenzangu wawili wananikuta au nawakuta. Mmoja ni Kinyozi, ana kiti chake cha kunyolea mtaa wa pili. Yeye lugha ya wenyeji anaimwaga kama maji, hasa mambo ya nywele na hali ya hewa. Wa pili anafunga maboksi ghalani, tunamwita Muhuri, maana hata ukimwambia jino linauma atakuuliza ulisaini karatasi gani. Wote watatu tumekuja nchi hii na masanduku, na wote tunajiona wazoefu.

Sasa jana tumekaa zetu, vioo vikafunguka, akatoka mwanamke mbio. Mtoto kamkwapata ubavuni kama godoro lililokunjwa, mkono wa pili mfuko wa nyanya. Nilimjua, ni yule binti aliyeingia miezi miwili iliyopita kumfuata mumewe, anayechoma mikate usiku na kulala mchana. Mtoto wake ana miaka mitatu, wa kike, mviringo kabisa, mie nilishambatiza Kitufe. Mama akaniomba ajifiche nyuma yangu. Nikamwambia nafasi ipo mwanangu, nyuma yangu wanaenea hata watano.

Alipopata pumzi akatusimulia. Kalipa vizuri, anapanga vitu vyake mfukoni, mara yule keshia wa miwani yenye mnyororo akanyanyuka kitini, akapiga ukelele, akazunguka meza anamjia na mkono mbele. Miezi miwili hajawahi kumwona yule mama amesimama, alidhani hana miguu. Basi akamnyakua mtoto akakimbia. Kigari cha mtoto kakiacha pale pale.

Mie nikacheka, nikasema kigari ni kitu gani, utakifuata. Ndipo uso wake ukabadilika. Chini ya kigari kuna kimfuko, na ndani yake kaweka bahasha yenye pasi zote, vyeti vyote, na barua ya kumwita ofisi ya uhamiaji kwa ajili ya kibali. Aliambiwa karatasi asiziache nyumbani, basi anatembea nazo hata akienda kununua chumvi. Na barua inasema kesho, saa mbili asubuhi, yeye na mtoto, na asiyekuja na karatasi kamili anaanza foleni upya.

Muhuri akasimama.

— Bahasha iko wapi?

— Kwenye kigari.

— Na kigari?

— Ndani.

Muhuri akakaa kama mtu aliyekatwa kamba.

Kinyozi akachukua uongozi. Akamuuliza kama kabonyeza mkate. Binti akakiri kabonyeza mitatu, sasa mtu utajuaje upi wa leo? Hapo nilimuunga mkono, hata mie nabonyeza. Kinyozi akatikisa kichwa, akasema watu wa huku mkate haubonyezwi, unauangalia tu kama mchumba wa mtu. Muhuri akasema si mkate, ni sabuni. Umeinusa? Kainusa. Umefungua kifuniko? Kafungua, utanusaje kopo lililofungwa? Basi ndiyo hiyo, Muhuri akasema, ukishafungua umeshatumia. Kinyozi akarukia nyanya: kachagua moja moja, kazigeuza matako juu, na kule juu kuna kamera inayoangalia matako ya nyanya tu.

Muhuri akaona anapitwa. Akasogea katikati ya benchi, akashusha sauti. Akasema sisi ni watoto wadogo. Yule mama si keshia. Anatoka ofisi ile ile ya uhamiaji, anawekwa madukani kutazama mgeni ananunuaje kabla ya siku ya kuitwa, nani anapanga foleni, nani anasukuma.

— Ule mnyororo wa miwani, mnadhani ni urembo?

Kahawa ikanitokea puani. Nilicheka hadi benchi likalia. Nilipojifuta macho nikamwona yule binti analia kimyakimya, anajipangusa na ncha ya mtandio, na haya zikanishika. Sisi tunachezea jambo, mwenzetu kesho yake imefungiwa kwenye kigari.

Nikamvuta Kitufe nimpakate, angalau niwe na faida. Ndipo nikaona shavu moja limevimba.

— Una nini mdomoni, bibi?

Akaachama. Pipi ya duara, nyekundu, ngumu, kubwa kama goti lake. Nikamtemesha kiganjani kwangu.

— Kaitoa wapi hii?

— Nyongeza, akasema mama yake. Si ni zile pipi za watoto, pale kwa keshia?

Akatueleza, bila wasiwasi wowote. Kwao mwenye duka hakuwahi kumwacha mtoto atoke mikono mitupu. Ukinunua mafuta, ukinunua kiberiti, anafungua mtungi wa pipi anampa mtoto moja, ndiyo nyongeza yake, na akisahau unamkumbusha. Kufika huku, siku ya kwanza tu, akaona pale unapolipia pamepangwa pipi safu kwa safu, chini kabisa. Akamwambia mumewe kwenye simu kuwa watu wa huku wana adabu, hata hawamchagulii mtoto, wanamwachia achague mwenyewe.

— Kachukua mara ngapi? Kinyozi akauliza.

— Kila tukija.

— Na mnakuja lini na lini?

— Kila siku.

Kinyozi akaweka kikombe chini taratibu. Muhuri akasema basi mtoto kashafunguliwa faili, lina picha za mbele na za ubavuni, na siku ya kuanza shule litamsubiri mlangoni. Kinyozi akasema si shule tu, atalikuta hata kwenye harusi yake. Nikawaambia wanyamaze, mtu aingie akachukue kigari.

Nani aingie sasa. Kinyozi alikuwa tayari kabisa, ila yeye ndiye anayemnyoa meneja wa duka, na kichwa kilicho mkononi mwako hukitafutii ugomvi. Muhuri akasema karatasi zake mwenyewe ziko katika kipindi kigumu. Tangu nimjue ziko katika kipindi kigumu. Mie nikasingizia magoti. Magoti yangu hayakuwa na kitu, niliogopa tu.

Yule binti alitutazama mmoja mmoja, watu wazima watatu wenye vikombe. Akafuta uso, akajifunga mtandio upya. Akaichukua ile pipi kiganjani kwangu na mate yake, akaikunja kwenye karatasi laini, akamshika mtoto mkono.

— Bila ile bahasha sina kesho, shangazi. Naenda.

Vioo vikafunguka, akaingia. Sisi tukaenda kubandika pua kwenye kioo kama watoto. Akajipanga foleni, nyuma ya baba mmoja mwenye chupa za maji, katulia utadhani kaja kununua. Kinyozi akasema hapo kakosea, angekwenda moja kwa moja. Muhuri akasema hapo ndipo kapatia. Zamu yake ikafika. Akaifungua karatasi, akaiweka ile pipi iliyonyonywa juu ya mkanda unaotembea, na mkanda ukaibeba polepole, peke yake, mpaka mbele ya keshia.

Keshia akavaa miwani. Akaitazama. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, na sisi kule nje hatukujua anacheka au anaita polisi. Kisha akainama nyuma ya kiti chake akatoa kigari, kimekunjwa vizuri.

Walitoka pamoja, keshia muda wake wa mapumziko ulikuwa umefika. Muhuri aliwahi kile kimfuko kabla ya mwenyewe. Bahasha ilikuwemo, nene vile vile, barua juu. Akaibusu. Binti akamnyang'anya, akaisukumia ndani ya nguo zake, na nikaona mabega yake yakishuka.

Keshia akakaa upande wangu uliobonyea, nikammiminia kahawa. Kinyozi akawa mkalimani. Akasema alipiga kelele kwa sababu ya ile pipi. Ni ngumu, ni ya duara, na mtoto mdogo vile ingemkwama kooni. Siku nyingine alikuwa anachukua zile laini.

— Kwani siku nyingine ulimwona? nikamuuliza.

Alimwona tangu siku ya kwanza. Siku hiyo mama mtu alimwangalia akatabasamu sana, akasema asante kwa lugha ya hapa, neno pekee alilolijua, na keshia akaona haya kumwambia. Siku ya pili ikawa ngumu zaidi. Kuanzia ya tatu, akimwona Kitufe anakaribia, anatazama dari. Miezi miwili anatazama dari, hadi shingo imeanza kumuuma. Meneja akamuuliza kama kuna bomba linavuja.

Tulicheka wote, yeye mwenyewe zaidi, mpaka mnyororo wa miwani ukagonga kikombe. Yule binti kajifunika uso wote kwa mtandio. Keshia akampapasa mkono, akasema kwa upole lakini wazi, na Kinyozi akatafsiri neno kwa neno: zile pipi zinauzwa, kama mkate, kama sabuni, na kuanzia kesho atamwambia kama anavyowaambia wengine. Binti akaitikia ndani ya mtandio. Kaelewa, amsamehe, hatarudia.

Halafu akaushusha mtandio.

— Muulizie kitu kimoja, kaka. Kama zinauzwa, kwa nini wameziweka chini vile, usawa wa mkono wa mtoto asiye na hata senti?

Kinyozi akatafsiri. Keshia akageuka akatazama vile vioo. Akasema yeye yuko pale mwaka wa kumi na tisa sasa, na hilo hajawahi kujiuliza.

Nikamtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Muhuri, Muhuri akachunguza kucha zake. Nikainamisha chupa nimimine kingine tupate la kufanya, na chupa ilikuwa tupu.