Bi Akiki na Kadi Namba Moja

Dada yetu tunayemzika leo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Akiki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa karani wa ghala, mama mshonaji. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake, ndiye anayewasomea wasifu huu, na kwa maelezo ya mama yao nyumba haikutulia tena. Mdogo mtu anakiri mapema, asije akaumbuliwa na wengine: alimwonea dada yake wivu maisha yake yote. Binti wa marehemu alishauri sentensi hiyo ifutwe. Haikufutwa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la nane mwaka 1964 akiwa wa kwanza. Mwandiko wake ulibandikwa ukutani kwa mwalimu mkuu. Mdogo wake alipofika darasa hilohilo aliukuta bado upo, na kila alipoharibu daftari aliambiwa akautazame. Hebu fikirieni.

Januari 1967 aliajiriwa na sonara mmoja kwenye mtaa wa mafundi saa. Huko ndiko alikozipenda pini za kifuani za zamani, zile za akiki, jiwe lenye matabaka, ambalo mchongaji huparua tabaka la juu mpaka sura ya mtu ibaki nyeupe juu ya weusi. Alijifunza kuligusisha jiwe mdomoni, maana akiki hubaki baridi na kioo hupata joto upesi. Alijifunza kuigeuza pini na kukagua kishikizo cha nyuma, ambacho kwa zile kongwe ni ndoano tupu isiyo na kufuli. Mwaka 1979 alifungua chumba chake juu ya duka la viatu: meza, taa, lenzi. Kila pini iliyopita mkononi mwake, ya mteja au yake mwenyewe, aliiandikia kadi: jiwe, umri, thamani, kasoro, na kasoro ilivyotokea. Alikuwa akisema mtu anaweza kudanganya, kadi haina ruhusa hiyo.

Siku moja mke wa mwenye mabasi alimletea pini kubwa kama kisosi. Marehemu akaigusisha mdomoni, akaiweka mezani taratibu, akamwambia ni kioo, kizuri, lakini kioo. Yule mama alishuka ngazi akiwa amefura. Mwezi uliofuata alirudi na pini za ukoo mzima, kwa kuwa sasa alikuwa amempata mtu asiyemvisha kilemba cha ukoka. Mdogo wake alikuwepo siku zote mbili, na zote mbili roho ilimuuma.

Hapa inabidi turudi nyuma. Mama yao alikuwa na pini moja tu ya akiki, yenye sura ya mwanamke aliyefunga nywele, naye aliahidi kumpa mdogo mtu akimaliza shule, kwa kuwa mkubwa tayari alikuwa akishinda na vito kazini. Desemba 1968, mbele ya shangazi, wajomba na majirani, kisanduku kilifunguliwa, na yule mwanamke hakuwa na pua. Macho yote yalimgeukia mdogo mtu. Ilijulikana kwamba huiiba na kujivisha mbele ya kioo, na wiki ileile alikuwa ameiiba. Yeye mwenyewe aliamini ni yeye. Mama akampa pini mkubwa, anayejua kutunza. Tangu siku hiyo, kila harusi na kila msiba, mdogo mtu alikuwa akiitazama pini kabla ya kumtazama dada yake usoni.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 6 Aprili 1974 na fundi saa, mtu mpole kupindukia. Kwa kumbukumbu sahihi, mdogo wake ndiye aliyemwona kwanza. Alimpelekea mara tatu saa ambayo haikuwa mbovu. Walijaliwa watoto watatu, wote wakachukua sura ya mama yao. Mdogo mtu naye, tusisahau, aliolewa vizuri.

Mwaka 2018 alipata mtoto wa jicho, na mwaka 2020 kiharusi kikamnyima mkono wa kulia. Mdogo wake alihamia kwake. Alimshikia lenzi na kuandika kadi kwa kutajiwa, na Mungu amsamehe, aliona raha kwamba hatimaye mwandiko kwenye kadi ni wake. Wiki ya mwisho marehemu alimshika mkono akamwambia, "Nikifa, soma kadi namba moja mbele ya watu. Kama ilivyo. Usinipambe."

Alifariki tarehe 2 Septemba 2021, saa nne asubuhi, hospitalini. Mdogo wake alijua namba moja ni pini ya mama, akadhani ametumwa kutangaza kwa mara ya mwisho kwamba ni ya mkubwa. Nusura akatae. Juzi alifungua droo ya kadi. Kadi ni ya Juni 1979, na imeandikwa hivi:

"Akiki, tabaka jeusi na jeupe. Sura ya mwanamke. Kasoro: pua. Ilivyotokea: Desemba 1968, usiku kabla ya kisanduku kufunguliwa, niliichukua kwa siri, nikaiosha kwa maji ya moto, nikaitia kwenye ya baridi, ikapasuka. Nilimwonea wivu mdogo wangu kwa kuahidiwa. Aliposingiziwa, nilinyamaza. Thamani: si yangu kukadiria. Mwenyewe: mdogo wangu."

Miaka arobaini na miwili kadi hiyo ilikaa hatua tatu kutoka kwenye kiti ambacho mdogo mtu alikuwa akinywea chai. Mdogo mtu alikasirika, na bado amekasirika. Hata wivu, kitu pekee alichodhani ni chake, dada yake alimtangulia.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na mdogo mmoja. Pini arobaini ni za watoto. Ile ya arobaini na moja, asubuhi ya leo mdogo wake alitaka kuichomeka kwenye gauni la marehemu, akaghairi. Ipo kwenye kola ya mdogo mtu, mnaiona, pua haina. Mliokuwepo Desemba ile, mmesikia.

Apumzike kwa amani, dada yetu. Kadi imesomwa kama ilivyo.