Ap Gembo Rinzin, Aliyerudisha Bakuli Kifuani

Wasifu huu una habari ambayo wageni waliotoka mji mkuu, Thimphu, hawataiamini. Wasiamini. Malisho ya Yumtso yapo palepale juu. Mwenye miguu apande akaulize.

Ap Gembo Rinzin alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 katika bonde la Haa, mtoto wa tatu wa wafugaji wa yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu. Alisoma Paro miaka minne, hadi baba yake alipovunjika mguu, naye mtoto akarudi kuchunga. Minne hiyo aliitumia vizuri kuliko wengine walivyotumia kumi na sita, na wamo humu.

Mwaka 1969 alimwoa Aum Choki Zam, dada wa msomaji wa wasifu huu. Ukoo wetu ulilalamika kwamba bwana harusi ananuka yaki. Yeye akauliza kama siagi yetu tunaitoa kwa kuku.

Wachungaji walimfanya msemaji wao. Ndipo mwaka 1987 jirani yetu mkubwa akatuma wajumbe kuzungumzia mpaka, nao waliitaka Yumtso. Serikali ikamketisha Ap Gembo pamoja na maofisa wake, maana bila Yumtso mifugo ya Haa ingekosa pa kula kiangazi. Mkuu wa wajumbe, mtu mpole, alimimina chai kwa mkono wake akasema: tupeni Yumtso, tutawajengea barabara. Ap Gembo akaziba mdomo kwa kiganja, akakataa. Mjumbe akatabasamu. Alikwisha kufundishwa adabu zetu, kwamba mtu wetu akikaribishwa hukataa kwanza, akisihiwa sana hupokea. Akasihi tena, akakataliwa tena. Aliposihi mara ya tatu, karani wake alikuwa ameshafungua kalamu. Maofisa wetu wakatazamana: adabu zetu zinataka kutuuza.

Ap Gembo akanywa chai yote, akaramba bakuli lake la mbao, akalifuta, akalitia kifuani ndani ya gho, joho lake la kufunga kiunoni. Bakuli likirudi kifuani, hakuna wa kumimina tena.

“Bado hatujamaliza, mzee,” mjumbe akasema, birika mkononi.

“Wewe ndiye hujamaliza, bwana mkubwa. Mimi nimeshiba. Yaki wako wakiwa na kiu waje wanywe, jioni warudi kwao.”

Mkutano ukaishia hapo. Yumtso haikwenda popote.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2019. Alifariki hospitalini Thimphu tarehe 2 Februari 2023. Siku chache kabla, msomaji huyu alikuwa akiwaeleza wauguzi jinsi yule mjumbe alivyotimua mbio, akaacha kofia na buti moja na—

“Shemeji,” marehemu akasema, jicho moja wazi. “Hakukimbia. Alinisindikiza mpaka kwa farasi wangu. Alikuwa muungwana, ndiyo maana kumkataa kulikuwa kazi.”

Ameacha mjane, Aum Choki Zam, watoto watatu, Lhaden, Chencho na Tshokey, wajukuu saba, na Yumtso, ambako yaki wetu watapanda Juni bila kuomba ruhusa ya mtu.

Azaliwe tena pema. Na ikitokea akazaliwa upande wa pili wa mpaka, jirani, poleni.