Shimo la Mwisho la Mzee Simeon Kipkemboi

Wachungaji, Mama yetu Mary Jemutai, wazee, akina mama, majirani wa Moiben na wa Huruma, nanyi mliofika na beji za chama kifuani, poleni na jua. Mimi ni Chepkorir, binti ya marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha ya baba yetu, nikaambiwa pia nisome polepole na nisiwe mkali, basi polepole nitasoma.

Mzee Simeon Kipkemboi alizaliwa mwaka wa 1931, mwaka wa nzige, karibu na Moiben, akiwa kifungua mimba kwa mama yake, tarehe yenyewe hakuna aliyeiandika, lakini nyanya yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alipotolewa nje mara ya kwanza alikuta shamba limeliwa likabaki mchanga mtupu, na labda ndiyo sababu maisha yake yote hakuweza kupita ardhi iliyo uchi bila kuivika nguo.

Alianza shule ya misheni mwaka wa 1940, akaendelea hadi chuo cha kilimo, akatoka huko Desemba 1952 na certificate moja na buti jozi moja. Aliajiriwa Januari 1953 kama msaidizi wa kilimo, akahudumu Kapsabet, Kitale na hapa Eldoret, akiwafundisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, wakati wa mzungu wakamchukia kwa hayo matuta, uhuru ulipokuja wakayabomoa kwa nyimbo, na mvua ilipowafundisha adabu wakamtuma mtoto amwite Mzee aje awaonyeshe tena. Alistaafu tarehe 30 Juni 1983.

Tarehe 8 Desemba 1956 alifunga ndoa kanisani na Mama Mary Jemutai, nao wakajaliwa watoto watatu, Kiprotich ambaye ni dereva wa trekta, Chepkorir anayewasomea, B.A., upper second, mwaka wa tatu sasa ana-tarmac na bahasha kwapani akitafuta kazi, na Kipyego aliye Form Three.

Lakini kazi ya baba, his real work, ilianza siku aliyostaafu. Kule juu milimani Cherangani, kwenye mteremko wa wajomba zake, watu walikuwa wamechimba dhahabu kwa sururu na karai tangu mwaka wa 1979, wakauacha mlima na makovu kama uso wa aliyeugua ndui, na dhahabu ilipoisha walishuka wakaenda zao, mashimo wakayaacha wazi, chemchemi ikitoa maji mekundu, ndama wakitumbukia na kuvunjika shingo. Baba akapanda na koleo lake. Alijaza mashimo hayo kwa utaratibu wake uleule wa shambani ambao sisi watoto wake tuliujua kabla ya Baba Yetu uliye Mbinguni, mawe chini, mchanga mwekundu juu ya mawe, na mchanga mweusi mwisho kabisa, kwa sababu mweusi ndio wenye uhai, ukiuzika chini umezika chakula, halafu nyasi, halafu miti. Vijana wa sokoni walimbandika jina la Mzee Makaburi, wakimpigia kelele, "Mzee, leo umezika nani?" naye bila kuinua kichwa akijibu, "Nimemzika babu yako, alikufa na tamaa, njoo ushike miguu," wakacheka, na wengine wao, mnajijua, mkaja mkashika kweli.

Lilibaki shimo moja, kubwa kuliko yote, hapo juu ya chemchemi. Alitaka lijae mawe kabla ya mvua ndefu ya mwaka huu wa 1988, akisema kwamba akilimaliza hilo ataketi na mama wanywe maziwa yao ya mursik kama watu wengine.

Sasa ningefika kwenye ugonjwa wa marehemu, maana historia zote husema marehemu aliugua kwa muda. Hakuugua. Jumatatu iliyopita alikula ugali sahani mbili akaomba ukoko.

Kulikuwa na mgeni rasmi. Alikuja Ijumaa tarehe 12 Februari kuuona "mradi wa wananchi", na kwa kuwa shimo wazi si picha nzuri, hasa wiki hizi za kupanga mlolongo wa kura, kamati ya mapokezi ililaza fito za miwati juu ya shimo, ikatandika magunia, ikamwaga mchanga mweusi juu yake, ikachomeka matawi mabichi yasiyo na mzizi hata mmoja, watoto wa shule wakaimba, mgeni akapanda mti wake kando, akapigiwa makofi, akaondoka na vumbi lake. Baba hakuwepo, alikuwa Cheptiret kwa mazungumzo ya mahari ya mpwa wake. Aliporudi walimwambia, "Mzee, tumekumalizia kazi." Jamani, alifurahi. Alitushika mikono mmoja mmoja.

Jumanne tarehe 16 alipanda kwenda kuiona, akakuta ile miche imenyauka, na huyu mtu wa kilimo wa miaka thelathini, kwa kuwa waliomwambia ni watu wake, akadhani ni kiu. Akateka maji kwenye chemchemi. Akaingia katikati na ndoo.

Tumeambiwa tuseme ni ajali, kazi ya Mungu. Mungu hakukata zile fito.

Tunawashukuru majirani waliomtoa kwa kamba, Mzee Githinji wa duka la Huruma aliyemteremsha kwa pickup yake akiwasha taa mchana kweupe, na madaktari na wauguzi wa hapa Eldoret waliohangaika naye hadi jioni ile alipotuacha. Tunawashukuru wenzake wa kilimo, kongoi mising, asanteni sana. Kamati, shada lenu la maua tumeliona, liko pale.

Vijana waliochimba kaburi jana, asanteni pia. Mlirusha mchanga wote lundo moja, na Mama akatoka nje na leso yake akawaambia, "Kwani nyinyi mnamzika nani? Tenganisheni." Kwa hivyo mnaona malundo mawili. Pasta akimaliza, mwekundu utangulie, mweusi tafadhali uwe wa mwisho, asije mtu akachanganya kwa haraka.

Na lile shimo la juu bado liko wazi. Jumamosi ijayo Kiprotich atapanda na trekta hadi itakapokwama, sisi wengine tutapanda kwa miguu, na kila anayesema alimpenda Mzee Makaburi aje na jiwe, si tawi.

Baba, pumzika sasa kwa amani, hili lako tutalijaza sawasawa.