Kamanda Aliyemtafuta Dada Yake: Maisha ya Zablon Wangwe

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Isebania, wageni mliovuka mpaka kutoka Sirare, na ninyi mlioondoka Homa Bay kabla jogoo hajakohoa, wenye viti kaeni, wasio na viti simameni kwa heshima, mpokee maisha ya Zablon Wangwe Matiko kama familia inavyoyajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966, nje kidogo ya Kehancha, mtoto wa kwanza wa Mzee Matiko, mkulima wa tumbaku, na inasemekana alilia kwa sauti hata ng'ombe wa boma la tatu wakakata kamba, mpaka mkunga akasema huyu ama atakuwa mhubiri ama atakuwa kero, na hakukosea sana. Mwaka 1970 alifuatwa na dada yake Mellen, na baada ya hapo mama yao hakupata mtoto mwingine, kwa hiyo hao wawili walikula sahani moja, wakalala mkeka mmoja na kuchapwa kwa fimbo moja.

Alianza shule ya msingi hapo Kehancha mwaka 1973, akaiachia darasa la sita mwaka 1979, si kwa ujinga, ni kwa sababu tumbaku ilitaka mikono, na Kiingereza alichotoka nacho kilitosha kusalimia na kuaga, maneno ya katikati alijaza mwenyewe.

Tarehe 3 Septemba 1984, Mellen akiwa na miaka kumi na minne, alipanda lori pale Isebania kwenda kufanya kazi ya nyumba Mwanza, Zablon ndiye aliyembebea kikapu, na kutoka juu ya lori msichana akapiga kelele, "Kaka, Krismasi niko hapa, uniwekee paja la kuku!" Krismasi ilifika, paja likawekwa, likaliwa na paka, na Mellen hajaonekana tena hadi saa hii tunapozungumza. Zablon alimfuata Mwanza, akauliza sokoni, akauliza misikitini na makanisani, akarudi na viatu vilivyoisha bila neno hata moja, na kuanzia hapo kila alichofanya maishani, hata mzaha, kilikuwa njia ya kumwita huyo mtoto arudi.

Kuhusu kazi, alibeba magunia mpakani hadi mwaka 1991, ndipo Mzee Abdihakim, mfanyabiashara aliyetoka Wajir na ambaye tunaye hapa leo, alipofungua banda la video, akaleta kanda za sinema moja ya vipande vipande vinavyofuatana, ya mwanajeshi anayeruka kutoka kwa helikopta, anayeendesha lori bila breki na kupiga watu kumi bila kofia kudondoka. Shida ilikuwa moja, sinema ilikuwa inaongea Kituruki, na wateja wakaanza kudai pesa zao, Zablon akachukua maiki akasema yeye anaielewa. Abdihakim akamvuta shati, "Wewe Zablon, Kituruki umejulia wapi, wewe hata Mombasa hujafika?" naye akajibu, "Mzee wangu, mtu akifungua mdomo mimi naona neno likitoka, tulia uhesabu watu."

Akaitafsiri, na alivyoitafsiri, waombolezaji, sijui kama Waturuki wenyewe waliwahi kuifaidi hivyo. Yule mwanajeshi akampa jina Kamanda Ombati, adui mkubwa akamwita Bwana Sigara kwa sababu hakuacha kuvuta, na yule mwanamke wa kitambaa chekundu, anayeonekana kila kipande akipotelea kwenye umati, akasema huyo ni dada wa Kamanda, alichukuliwa na lori akiwa mdogo, na Kamanda hapigani kwa ajili ya nchi wala mshahara, anapigana apite amfikie. Watu walilia humo ndani, wanaume wenye ndevu, madereva wa malori wenye roho ngumu kama tairi la spea. Spika ya tarumbeta aliifunga juu ya mabati, mdomo ukiangalia Sirare, na Abdihakim alipolalamika kwamba watu wa ng'ambo wanasikia bure, Zablon alimwambia hao ndio wateja wake hasa. Hesabu yake ilikuwa kwamba madereva wataibeba hiyo hadithi hadi Musoma, hadi Mwanza, na siku moja itafika kwa mwanamke fulani jikoni kwa watu, aijue ni yake.

Tarehe 18 Desemba 1993 alimuoa Metrine, mchuuzi wa omena kutoka Muhuru Bay, mwanamke aliyekuwa na ulimi wa kupimana na wake, ambaye aliwaambia wakwe mchana kweupe, "Mwanaume wenu hata akilala anatafsiri ndoto, na zote Kamanda anashinda." Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Pauline, tarehe 6 Julai 1995, aliyelelewa kati ya harufu ya omena na mlio wa bunduki za sinema. Metrine alitutoka tarehe 21 Mei 2015, Pauline akaolewa Homa Bay, simu zikaingia kila mfuko, banda likawa duka la misumari na rangi, na Zablon akawa bawabu wa duka hilo hilo, akikaa kwenye kiti mahali maiki ilipokuwa, na wakati mwingine mteja anauliza bei ya bawaba anajibiwa na mtu ambaye macho yake yako mbali kabisa.

Halafu mwaka 2023 habari zikaja kwamba ile sinema ya Kamanda imetengenezwa upya, Kamanda mpya, helikopta mpya, lori jipya, mambo yote ya zamani yamepigwa msasa, na Zablon alinyoa ndevu. Abdihakim alitoa makopo ya rangi nje, akaleta televisheni pana kama mlango wa kanisa, na Jumamosi ya tarehe 11 Februari 2023 watu walijaa, wale vijana wa zamani sasa na vitambi na watoto wao, wengine walitoka Kehancha wawili wawili kwenye bodaboda, na Zablon akasimama na maiki, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

Nusu saa ya kwanza alipaa, sauti ilikuwa ile ile, watu walipiga makofi kila helikopta ikiinama. Ikafika Kamanda akakutana na yule mwanamke wa kitambaa chekundu katikati ya daraja, Zablon akashusha sauti akasema kwa niaba ya Kamanda, "Dada yangu, hata kama umenisahau, mimi kikapu chako ninacho," na hapo hapo, mbele ya wazee na wake zao na watoto wa Sunday school, Kamanda akamshika yule dada kiunoni akambusu mdomoni, na hakumbusu kidogo.

Mama mmoja aliruka juu ya benchi, "Zima! Zima hiyo kitu! Ni dada yake huyo!" Mzee Angwenyi wa posho mill akasema kwa uchungu kabisa kwamba hapa lazima mbuzi achinjwe, Kamanda atakaswe kabla hajaendelea kupigana, na watu wawili wakaanza kuuliza mbuzi atatoka kwa nani. Ndipo kijana mmoja wa mbele, aliyezoea kusoma maandishi ya chini ya picha, akageuka akasema, "Mzee, hapa wameandika Kiswahili, si dada, ni mchumba wake. Tangu mwanzo ni mchumba wake." Kicheko kilichofuata kilitikisa misumari ndani ya masanduku. Zablon alishusha maiki polepole, akaizima, akaenda nyumbani, na sinema ikaendelea bila yeye.

Tangu siku hiyo wenye bodaboda wakimwona wanapiga honi, "Mzee, dada yako anakusalimu!" na madereva wa Mwanza wakapewa hadithi nyingine ya kubeba, ya mzee mwongo wa Isebania. Hao vijana hatuwalaumu sana, hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba mzee ana dada kweli. Zablon alimwambia Abdihakim tu kwamba kuchekwa si kitu, lakini sasa hata Mellen akiisikia ataambiwa ni uongo, na akaacha kuongea, yaani mtu aliyekuwa akisalimia hadi mbwa kwa majina alikaa mwezi mzima kwa kutikisa kichwa.

Ugonjwa wa pressure na figo ulimjia mwaka 2024, na mwezi wa Agosti Pauline alikuja akamchukua akae naye Homa Bay, ambako alitunzwa vizuri, chai ya maziwa, blanketi mbili, lakini mtaa wote unaongea Dholuo, lugha isiyo yake, mkwe anatoka asubuhi, Pauline anaenda kazini, na mzee anabaki na saa ya ukutani. Tarehe 17 Februari 2025 alilazwa hospitalini, wodi ya wanaume, ambako kuna televisheni ukutani iliyozimwa sauti ili wagonjwa wapumzike, na jioni zote ikawa ni ile sinema mpya ya Kamanda.

Kitanda cha pili alilala Bwana Oliver, mwenye mashua wa Muhuru Bay, aliyepona na yuko hapa katikati yetu, na yeye ndiye aliyetusimulia haya. Oliver macho yake hayasomi mbali, akamgeukia jirani yake, "Omera, ndugu yangu, hawa wanasema nini?" Zablon akaanza kumsomea maandishi, neno kwa neno kama yalivyo, pole pole kama mtu wa darasa la sita, kwamba huyu ni Kapteni fulani, na yule mwanamke ni mchumba wake. Oliver akamkatiza kwa hasira, "Hapana, mzee, wewe hii sinema huijui. Huyo ni dada yake. Alichukuliwa na lori. Mimi niliisikia Isebania nikiwa kijana, na nimeisimulia mwenyewe kule Musoma kila nikipeleka samaki, mpaka wanawake wa pwani ile wanalia."

Oliver anasema mgonjwa aliketi ghafla mpaka mrija wa dripu ukavutika, akamuuliza, "Wanawake gani?" Akajibiwa, "Wanawake tu, omera, wengi." Akauliza kama kulikuwa na mmoja mweusi, mfupi, mwenye kovu la moto hapa chini ya kidevu, kama alilia kuliko wenzake, kama aliuliza anayetafsiri anaitwa nani. Oliver alifikiri kwa bidii, maana aliona ni jambo kubwa, lakini ni miaka thelathini, na hakutaka kumdanganya mgonjwa, akasema hakumbuki. Kila jioni baada ya hapo Zablon alimuuliza tena kwa upole, kama angekumbuka hata sauti tu, na Oliver akasema tena hakumbuki, na televisheni ikawaka juu yao bila neno, hadi Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, alipotuacha, Pauline akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Homa Bay waliopigana na figo zake kuliko Kamanda yeyote, majirani wa Isebania kwa hema na kuni, Mzee Abdihakim na wafanyakazi wa duka kwa jeneza na usafiri, Bwana Oliver kwa kutomdanganya, na ninyi vijana wa bodaboda mliomsindikiza leo bila kupiga honi.

Marehemu ameacha binti mmoja, Pauline, wajukuu wawili, na dada mmoja, Mellen, ambaye tumemsoma kati ya walio hai kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumsoma vingine. Katika nyumba ya Mzee Matiko udongo wa kwanza hutupwa na dada wa marehemu, na leo utatupwa na Pauline kwa niaba ya shangazi yake, lakini kabla hajauchota, familia inaomba tunyamaze kidogo, na mama yeyote aliyevuka asubuhi ya leo, ambaye hajajulikana na mtu hapa, tafadhali asogee mbele, hataulizwa alikuwa wapi.

Zablon, umewasemea wengi, sasa pumzisha sauti yako kwa amani.