Posa ya Mhesabu Wafu

Kijiweni kwa Stambuli, pale Mtopanga, gogo la mnazi lilikuwa na wenyewe, na kila mwenyewe na mahali pake. Karibu na dele la kahawa hukaa Badi, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwasha na hakuna aliyeweza kumzima. Katikati hukaa Mbarak, aliyepewa jina la Kadhi baada ya kushindwa kesi mbele ya kadhi. Ncha ya pili ilikuwa ya Ngumbao, mkata mawe wa machimboni, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Alasiri hiyo, mwaka mmoja hivi kabla ya Uhuru, Ngumbao alikuwa na kikombe cha tatu na hakuonja ladha ya hata kimoja. Bintiye Nyamvula alikuwa ameposwa na Gershom, kijana wa Frere Town, karani wa ofisi ya bima kule kisiwani, na mshenga alikuwa Redio mwenyewe. Jibu lilitakiwa leo, kwani kesho kijana apanda gari la moshi kwenda Nairobi kufanya mtihani unaoletwa kutoka London, naye alitaka kuondoka akijua kama ana mchumba au hana. Moyoni Ngumbao alikuwa amekwisha kubali. Kisha juzi Redio akamweleza mtihani wenyewe ni wa nini.

— Hebu rudia, Redio, alisema Kadhi. Huyo kijana asomea nini hasa?

— Kuhesabu wafu.

— Walio makaburini?

— Walio makaburini wana hesabu gani tena? Yeye ahesabu walio hai, ajue watakufa lini. Ndiyo kazi ya bima.

— Astaghfirullah, alisema Stambuli, akammiminia kahawa.

— Kitabu chake nalikiona kwa macho yangu. Ni tarakimu tupu, kurasa kwa kurasa. Huku waliobaki, huku waliokufa. Na mwalimu wake yuko London, hawajaonana hata siku moja. Kijana apiga hesabu zake hapa, azitia posta ya ndege, Mzungu azirudisha zimejaa wino mwekundu.

— Mwekundu, alisema Kadhi. Basi hiyo ni damu.

— Ni wino, Kadhi.

— Huanza hivyo hivyo, kwa wino.

Ngumbao alikitua kikombe chini. Hakuwa mwoga. Aliwahi kufunikwa na kifusi kule machimboni, akatoka akijipangusa na kuuliza nyundo yake iko wapi. Lakini kukaa jamvi moja na mkwe kila sikukuu, mnakula wali, naye akikutazama huku akiijua siku yako, hilo hakuliweza. Tangu juzi hakuwa amepata usingizi wa maana. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alimpenda yule kijana.

— Na huo mtihani wafanywaje? aliuliza Stambuli.

— Karatasi zaja zimefungwa kwa lakiri, alisema Redio. Siku moja zafunguliwa London, zafunguliwa Nairobi, zafunguliwa Bombay.

— Kwa nini siku moja?

— Wafu wasipate kuambiana.

— Mna macho na hamuoni, alisema Kadhi. Mwingereza yuwaondoka, sivyo? Basi kabla hajaondoka ataka kujua nani afa lini. Wale ambao siku zao zimekaribia asijisumbue kuwapa Uhuru.

— Na atakayekufa wiki moja kabla ya Uhuru? aliuliza Stambuli.

— Huyo atapewa chake mapema, kwa siri.

— Ndiyo maana wahenga walinena, alisema Redio, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hapo yaingia wapi hiyo?

— Kaburi liko juu?

Hapo Gershom akafika. Alishuka kwenye baiskeli ng'ambo ya mtaro, shati jeupe, nywele zimechanwa kwa maji. Hakulisogelea gogo. Mwenye kuposa hajipeleki kwa baba wa binti akaanza kujisemea. Maneno yake hupita kwa mshenga, hata kama wote watatu wanaweza kupeana mikono walipo.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, alisema Stambuli.

Ngumbao alitazama mbele, barabarani.

— Redio, muulize. Siku yangu yuwaijua?

Redio akageuka, akakohoa, akainyoosha kanzu yake.

— Mzee, ambaye ni mzima wa afya na akuheshimu kama nawe umheshimuvyo, auliza hivi: siku yake ya kuiaga dunia, ambayo Mungu aiweke mbali, wewe wamjulia?

— Mwambie sijui, alisema Gershom.

— Mwambie haniridhishi. Ana kitabu. Kitabu chasemaje?

Gershom alifikiri kidogo. Alikuwa na uso wa mtu aliyekesha na hesabu, macho mekundu, lakini alijibu kwa upole.

— Mwambie kitabu hakianzi mpaka kijue umri. Baba ana miaka mingapi?

Redio akageuka tena, ila safari hii Ngumbao hakungoja.

— Mamangu alikuwa akisema nalizaliwa njaa ilipokwisha.

— Njaa ipi? aliuliza Gershom.

Gogo zima likamgeukia Ngumbao.

— Ni Njaa ya Magunia, ile ya zama za babu zetu, alisema Kadhi.

— Basi angekuwa mkongwe kuliko mimi, alisema Stambuli, na mimi ndiye niliyemfunza kunywa kahawa. Ni ile ya baada ya vita vya Mjerumani.

— Hapo atakuwa mdogo kuliko mkewe, alisema Kadhi, na mkewe hatakubali.

— Karani wa kuhesabu watu si alikupitia juzi juzi? aliuliza Redio. Ulimwambia mingapi?

— Alinitazama tu, akaandika. Sikumuuliza aliandika nini.

Ngumbao alihisi kifua chake kikifunguka. Mamake, Mungu amrehemu, alikuwa amemficha vizuri kuliko mganga yeyote, wala hakukusudia.

— Basi hawezi kunipata, alisema. Mwambie hivyo, Redio. Hawezi.

Kijana angenyamaza hapo, mambo yangekuwa yamekwisha, na Redio alimkonyeza anyamaze. Lakini Gershom hakupenda kupewa mke kwa kosa la hesabu.

— Mwambie hata ningeujua umri nisingeweza. Tuchukue watu elfu wa umri mmoja. Kitabu chaweza kusema mwaka huu watafariki kama kumi. Ni kina nani hao kumi, hakuna kitabu kinachosema. Mtu mmoja mmoja hatumjui.

— Kumbe Mungu kaachiwa yake, alisema Kadhi, naye alionekana kama mtu aliyeibiwa. Na hao waliohesabiwa kitabuni ni watu wa wapi?

— Ni Waingereza.

— Wote?

— Wote.

— Hamna Mgiriama hata mmoja? Hamna mtu wa Kisauni? Basi sisi hatumo, jamaa. Stambuli, tia kahawa, sisi twaishi.

Walicheka, na Gershom naye akacheka kidogo. Ngumbao hakucheka. Alikuwa akiligeuza geuza neno lile kichwani, kumi katika elfu, asijulikane nani, na kwa mara ya kwanza akamtazama kijana usoni.

— Na huo mtihani wenu, hupita wangapi?

Alikuwa amesahau kulipitisha swali kwa Redio.

— Katika kumi, baba, hupita watatu.

— Wewe umo katika hao watatu?

Gershom alifungua kinywa. Mtu huyu aliweza kukwambia mambo ya watu elfu bila kupepesa, na sasa alitazama usukani wa baiskeli. Kadhi alichungulia ndani ya kikombe chake. Ngumbao aliyatazama macho mekundu ya kijana, akajua kwamba wakati yeye alipokuwa akigaragara kitandani Mtopanga, huyu naye alikuwa macho Frere Town, na hofu ni ile ile. Akamhurumia, na baada ya hapo hakubakiwa na kinyongo chochote.

— Vuka mtaro, alisema. Njoo ukae.

— Lakini baba, mshenga hajasema...

— Mshenga apewe kahawa. Kesho panda gari lako, mwanangu, kafanye mtihani wako. Upite usipite, Nyamvula ni mchumba wako.

Gershom aliilaza baiskeli palepale mtaroni, akavuka. Ngumbao alisogea, akampisha kwenye ncha yake ya gogo. Redio aliwatazama wawili hao wamekaa bega kwa bega, kikombe kimemganda mkononi.

— Sasa mimi nimwambie nini? aliuliza.

— Amesikia, alisema Ngumbao.